Dungu la Hatua Moja

Baba alianza kuamia ndege akiwa na miaka saba. Hunikumbusha hivyo kila kundi la kwelea kwelea linapopinda juu ya mashamba ya Ubaruku. Alipanda dunguni kabla ya jua kuchomoza, teo mkononi, debe bovu kando, na hakushuka mpaka jioni. Dungu lenyewe lilikuwa nguzo nne za miti ya porini, fito zilizofungwa kwa kamba za magome, na nyasi za kivuli.

Mwaka juzi alipata kiharusi. Tulishauriwa asishinde ndani, lakini kiti chake cha plastiki kilizama kwenye tope la uani. Nikaamua kumjengea sakafu ya mbao, mita tatu kwa mbili na nusu, ya kupanda kwa hatua moja tu. Sikuwa nimewahi kushika msumeno.

Nilidhani najenga kitu cha kigeni, cha kwenye picha za mtandaoni. Kumbe sakafu iliyoinuliwa ni ya zamani kwetu. Dungu ni hilo. Kichanja cha kuanikia vyombo ni hicho. Kihenge cha nafaka nacho husimama juu ya miguu. Vyote vinajibu swali moja: utawekaje kitu juu ya ardhi ambayo hula kila inachokigusa?

Mbao nilizonunua zilikuwa za paini, mbili kwa nne za fremu na moja kwa sita za juu. Mti huo asili yake ni Mexico. Sao Hill, Mufindi, ulianza kupandwa kwa majaribio mwaka 1939, wakati wa Waingereza, kwenye vilima vilivyokuwa vya nyasi. Baada ya uhuru serikali ikapanua upandaji, hasa miaka ya 1970, na leo hilo ndilo shamba la miti la serikali kubwa kuliko yote nchini. Kutoka Mafinga malori hushusha mbao kupitia Makambako na Igawa mpaka huku bondeni.

Baba alizigonga kwa fimbo yake. “Huyu mgeni,” akasema, “hawajui mchwa wetu.”

Alikuwa sahihi. Mninga wa miombo huwastahimili mchwa kwa asili yake, lakini mninga umekuwa adimu na bei yake si ya mtu kama mimi. Paini lazima itiwe dawa. Fremu nikanunua ya mbao zenye dawa. Nyingine nikazipaka oili chafu kwa chini, kama fundi wa jirani alivyonielekeza.

Ila kilichonishinda hakikuwa mchwa, kilikuwa udongo. Ule mfinyanzi mweusi wa Usangu hushika maji, na kwa sababu hiyo mpunga hustawi. Wabulushi waliohamia huku enzi za ukoloni walichimba mifereji na kulima mpunga wa kumwagilia. Miaka ya 1970 wakaja Wachina, wakasaidia kujenga shamba kubwa la Mbarali lililokuwa chini ya NAFCO. Baba alikuwa kijana. Shamba hilo baadaye likauzwa kwa mwekezaji. Udongo uliowavuta wote hao haukuwa na haja na sakafu yangu. Masika huvimba, kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono.

Mimi nilipanga matofali sita juu yake mwezi Septemba, nikaweka pima maji, nikaridhika. Mbao za juu nilizibana zisiachiane hata uwazi wa unywele. Kufikia Februari kona moja ilikuwa imenyanyuka, na mbao zilizokunywa maji zilisukumana mpaka zikabinuka. Baba alijikwaa hapo. Hakuumia, lakini usiku ule sikulala.

Kiangazi kilichofuata nilibomoa yote. Nikachimba mashimo sita, kila moja mpaka kupita mwisho wa nyufa, nikamimina zege, nikasimamisha nguzo. Pembe nilizipima kwa tatu-nne-tano. Safari hii kati ya ubao na ubao niliacha unene wa msumari, maji yapite, upepo upite.

Jioni ya kwanza baba alikaa kimya muda mrefu.

“Dungu ni la kuonea mbali,” akasema. “Hapa naona ua tu na shamba la jirani.”

“Ningeliinua, ungepandaje, baba?”

Hakujibu. Baadaye aliinua mkono wake mzima kunizuia nisiongee. Mimi sikuona kitu. Kisha nikausikia mvumo, kama mvua inayokuja, na kundi likatokea juu ya mpunga.

“Huwa wanasikika kwanza,” akasema, akaniomba debe.