Dadu za Weldon na Kosa la Pearson

Mwaka 1894 Weldon, mtaalamu Mwingereza wa elimu ya viumbe, alikusanya matokeo ya dadu 12 zilizorushwa mara 26,306. Nyuso za 5 na 6 zilitazamiwa kuwa theluthi, zikazidi kidogo. Je, ni bahati, au dadu zina kasoro? Karl Pearson akajibu mwaka 1900 kwa kipimo cha kai-mraba: tofauti ya kila hesabu iliyopatikana na iliyotazamiwa hupigwa mraba, hugawanywa kwa iliyotazamiwa, kisha yote hujumlishwa. Kasoro ikadhihirika.

Lakini fundi naye hukosea. Jedwali la vyumba vinne, mathalani waliochanjwa na wasiochanjwa, waliougua na wasiougua, Pearson alilipa digrii 3 za uhuru. Mwaka 1922 Fisher alionyesha kuwa, jumla za pembeni zikishajulikana, chumba kimoja kikijazwa vingine vyajijaza. Digrii ni 1 tu. Kwa hiyo kai-mraba ya 5, ambayo kwa Pearson haikuthibitisha kitu, kwa Fisher yaonyesha chanjo yafaa.

Mzee alikataa katakata. Mwaka 1926 Fisher akachukua majedwali zaidi ya 11,000 ya Egon, mwana wa Pearson mwenyewe, akatafuta wastani, ambao hutakiwa kulingana na digrii. Ukatoka 1, si 3.