Valvu, Risasi na Watoto: Historia Iliyojificha Kwenye Silinda Hedi

Tuseme una Morris Minor ya miaka ya 60 na fundi ameshafungua silinda hedi. Valvu za ekzosi zimeungua. Unaenda kutafuta spea, muuzaji anakuuliza: unataka viti vya valvu vya kawaida au vile vigumu? Kabla hujajibu, hebu tujue swali hilo limetoka wapi.

Tuanzie Dayton, Ohio, Marekani. Desemba 1921, Thomas Midgley na wenzake kwenye maabara ya General Motors walikuwa wanatafuta dawa ya injini kugonga, yaani petroli kujilipukia yenyewe ndani ya silinda kabla moto wa plagi haujaifikia. Wakagundua kwamba kiasi kidogo tu cha tetraethili ya risasi kinamaliza tatizo. Ndiyo, risasi, metali ileile ya risasi za bunduki. Ethanoli nayo ilijulikana kuzuia kugonga, lakini ilihitajika nyingi zaidi. Februari 1923 petroli yenye risasi ikaanza kuuzwa.

Kumbe risasi ilikuwa na kazi ya pili. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila valvu inajipiga kwenye kiti chake mara 25 kwa sekunde, na ile ya ekzosi inafanya hivyo ikiwa ya moto kupita nyuzi 600. Chuma kwa chuma kwenye joto hilo vinagandana kidogo, halafu vinabanduana, na kila mara kiti kinapoteza chembe. Mabaki ya risasi yalitanda kwenye kiti kama utando mwembamba na kuzuia hilo. Kwa hiyo watengenezaji wengi walichonga viti moja kwa moja kwenye chuma cha kawaida cha hedi. Ilikuwa rahisi, tena bei poa.

Ila kuna waliolipa. Oktoba 1924, wafanyakazi watano wa kiwanda cha Standard Oil huko Bayway, New Jersey, walikufa kwa sumu hiyo, wengine wakichanganyikiwa akili kabla ya kufa. Midgley mwenyewe aliugua kwa risasi. Nje ya kiwanda, moshi wa magari uliisambaza mitaani kwa miongo mingi. Risasi huharibu ubongo wa mtoto unaokua, na mpaka leo hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Marekani, magari mengi ya kuanzia 1975 yalikuja na kifaa cha kusafisha moshi ambacho risasi inakiua, hivyo yakahitaji petroli isiyo na risasi. Watengenezaji wakaanza kugumisha viti vya valvu. Kwetu safari ilichelewa. Juni 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikutana Dakar zikakubaliana kuiondoa, na kufikia Januari 2006 zilikuwa zimeacha. Algeria ilimalizia dunia nzima Julai 2021.

Wenye magari ya zamani walikuwa na hofu: injini zetu zitakufa! Hofu ilikuwa na msingi, lakini tiba yake ni pete ndogo ya chuma kigumu. Ubongo wa mtoto hauna spea.

Sasa turudi kwenye uchaguzi wako. Kama hedi ni ya chuma na viti vimechongwa humo humo, chagua viti vigumu vya kupachika, angalau upande wa ekzosi, kwa sababu ndiko kwenye joto. Nunua pamoja na valvu za ekzosi za chuma kinachostahimili joto, na gaidi mpya kama za zamani zimelegea, maana valvu inayoyumba itakula hata kiti kizuri. Kama hedi ni ya alumini, kama ya Volkswagen Beetle, tayari ina viti vya kupachika. Mwambie fundi avikague kwanza, usilipie kazi isiyohitajika.

Na kama injini bado nzima, usiifungue kwa hofu tu. Pima nafasi ya tapeti mara kwa mara. Ikiwa inazidi kupungua kila baada ya kusetiwa, kiti kinazama, na hapo ndipo utoe hela. Dawa za kuongeza risasi kwenye tangi achana nazo kabisa.