Arosto ya chang'aa si arosto ya unga

Huku Pwani ukitaja uraibu, watu hufikiria unga. Kisii na Nyamira hufikiria gilasi: busaa ya wimbi, na chang'aa inayopikwa kwa molasi au sukari guru. Tangu kliniki ya metadoni ifunguliwe Malindi mwaka 2015, baada ya ile ya Mathari, Nairobi, wengi tumeona mateja wakirudi kuwa watu wa nyumbani. Basi swali huulizwa: mbona ndugu zetu wa Gusii nao wasiletewe metadoni, wanywaji wakapona?

Jibu ni kwamba metadoni haitibu pombe. Na kuna jambo zito zaidi ambalo sisi tuliozoea unga hatulijui vizuri: mnywaji wa miaka mingi akikatizwa pombe ghafla anaweza kufa.

Unga na pombe vinashirikiana mahali pamoja. Vyote huamsha dopamini, kemikali inayouambia ubongo kwamba jambo hili ni zuri, lirudie. Chakula kitamu huitoa kidogo. Vileo huimwaga, na ubongo hujifunza kuvidai hata mwenyewe akiwa amevichukia. Ndiyo maana kumwambia mraibu "acha tu" ni kama kumwambia mwenye kiu asahau maji.

Baada ya hapo njia hutengana. Unga hukaa kwenye vipokezi vya afyuni, vile vile vya mofini. Ukikosekana, teja hupata arosto: makamasi, kuharisha, mifupa kuuma, vinyweleo kusimama. Ni mateso makubwa, lakini mara chache humuua mtu mzima anayepewa maji na kuangaliwa. Metadoni hukaa kwenye vipokezi hivyo hivyo zaidi ya siku nzima, kwa hivyo dozi moja ya asubuhi humtuliza bila kumlevya.

Pombe hushika pengine. Ubongo una breki, kemikali iitwayo GABA, na una mafuta, iitwayo glutamati. Pombe hukanyaga breki na kupunguza mafuta. Ikiwa hivyo kila siku kwa miaka, ubongo nao hujibu kwa kulegeza breki yake na kuongeza mafuta ili mambo yaende. Siku pombe inapokosekana, breki haipo na mafuta yamejaa. Ni matatu inayoteremka mlima wa Gusii bila dereva.

Saa 6 hadi 8 baada ya gilasi ya mwisho mikono hutetemeka, jasho hutoka, moyo huenda mbio. Degedege huweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne, wengine huweweseka: wanaona wadudu ukutani, wanazungumza na watu wasiokuwepo, joto na presha hupanda. Hapo ndipo kifo kilipo.

Na hapo ndipo jamii hukosea. Mtu amefungiwa chumbani "akauke", siku ya tatu anapiga kelele, na jina linatafutwa. Kwetu litakuwa jini, hasa mnywaji anapoacha ghafla Ramadhani ikiingia. Gusii litakuwa uchawi, na uchawi kule si neno la mzaha: Oktoba 2021, huko Marani, kina mama wazee wanne waliuawa kwa tuhuma hiyo. Kisa kile hakikuwa cha pombe. Lakini ugonjwa unaojulikana hauhitaji mtu wa kusingiziwa.

Hospitalini tiba yake ni ya kawaida. Diazepamu hushikilia breki ile ile, kisha hupunguzwa kwa siku kadhaa. Mgonjwa huchomwa thiamini, yaani vitamini B1, kabla au pamoja na maji ya glukosi, kwa sababu mnywaji asiye na vitamini hiyo anaweza kuharibika ubongo na kupoteza kumbukumbu kabisa. Diazepamu si ya kununua dukani ukajitibu: nayo huleta uraibu, na ikichanganywa na pombe au unga huzima pumzi.

Mwili ukishatulia, zipo dawa za kumsaidia asirudi. Naltreksoni hupunguza raha na hamu ya pombe, lakini asipewe mtu aliye kwenye metadoni au unga, itamletea arosto papo hapo. Akamprosati hutuliza ubongo uliochafuka, nayo hutolewa na figo, kwa hivyo huwafaa wengi wenye ini bovu. Shirika la Afya Duniani liliziingiza zote mbili kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2023. Metadoni iliingia 2005. Utaona pombe ilisubiri sana.

Ya tatu ni disulfiramu, ya tangu miaka ya 1940 kule Denmark. Anayeimeza akanywa pombe huwaka uso, hutapika, presha hushuka. Mama, usimtilie mumeo kwenye uji kwa siri. Akipitia kilabuni anaweza asirudi.

Bangi na miraa hazina dawa kama hizi. Huko kazi ni ushauri.

Wanaouliza kama metadoni ni kuhamisha ulevi tu, sisi si mamufti, lakini dawa inayopimwa na daktari kwa dharura haiko daraja moja na kete ya maskani.

Kwa aliye Kisii au Nyamira, mpeleke mgonjwa hospitali ya rufaa ya kaunti kabla ya kumkatiza pombe, si baada ya degedege. NACADA hupokea simu bure kwa 1192. Mwambie daktari mambo manne: alikunywa mara ya mwisho saa ngapi, hunywa kiasi gani kwa siku, kama amewahi kupata degedege, na dawa zote anazotumia. Akisema macho yana ukungu, lisubiri lisiwe la kesho: huenda chang'aa ilikuwa na methanoli, na hiyo hupofusha.