Ifakara: Uhuru Ulivyoingia Maabara

Kila ifikapo tarehe 9 Desemba tunakutana hapa Muscat kuikumbuka siku ya mwaka 1961 Tanganyika ilipopata uhuru wake. Mara nyingi katika jarida letu husomwa habari za viongozi waliopigania uhuru huo, na ni haki yao. Safari hii tuzungumze habari ya uhuru wa namna nyingine, uliochukua miaka mingi zaidi kupatikana: uhuru wa kuuliza maswali yetu wenyewe kuhusu maradhi yetu, na kuyatafutia majibu. Habari hiyo inasomeka vizuri katika historia ya Taasisi ya Afya Ifakara, iliyoko katika bonde la mto Kilombero, mkoani Morogoro.

Mwaka 1949 alifika Ifakara Profesa Rudolf Geigy, mtaalamu wa elimu ya wanyama kutoka Basel, Uswisi. Miaka sita kabla yake alikuwa ameanzisha Taasisi ya Tropiki ya Uswisi. Ifakara aliwakuta wamisionari Wakapuchini kutoka nchi yake, wenye misheni na huduma ya tiba. Bonde lile lilikuwa na kila alichokitafuta: mbu wa malaria, mbung'o wa malale, na papasi, yule kupe anayejificha katika nyufa za nyumba za udongo na kuwaletea watu homa ya vipindi. Mwaka 1957 ilifunguliwa maabara ya kudumu, na miaka ileile ya kupata uhuru kikaanza kando yake kituo cha kuwafundisha vijana wetu kazi ya usaidizi wa tiba vijijini.

Ilikuwa kazi njema, lakini tuseme wazi kwamba maabara ile ilikuwa ya Waswisi. Kwa sehemu kubwa maswali yalitungwa Basel, na elimu iliyopatikana ilirudi Basel. Bendera ilikuwa imekwisha badilika Dar es Salaam, lakini maabara ya Ifakara iliendelea kuwa tawi la taasisi ya ng'ambo kwa karibu miaka 30 zaidi.

Mabadiliko yalikuja mwanzoni mwa miaka ya 1990, kituo kilipoanza kupita mikononi mwa Watanzania. Mwaka 1996 kikaandikishwa kuwa chombo cha amana, kisichotafuta faida. Kwa sisi tunaoishi Oman mfano wa karibu ni wakfu: hakuna mwenye hisa wala mgao wa faida, na kinachopatikana hurudi kwenye kazi. Jina la sasa lilianza mwaka 2008. Wakurugenzi wake wamekuwa Watanzania: Andrew Kitua, Hassan Mshinda, Salim Abdulla na Honorati Masanja. Waswisi hawakufukuzwa. Wamebaki kuwa washirika hadi leo.

Je, taasisi hii imeipa dunia nini? Tutaje mambo manne.

La kwanza ni ukweli kuhusu chanjo. Katika miaka ya 1990 dunia ilikuwa na matumaini makubwa juu ya chanjo ya malaria iitwayo SPf66, iliyotengenezwa na Manuel Patarroyo wa Colombia. Ilijaribiwa katika kijiji cha Idete, karibu na Ifakara. Matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha kinga ya asilimia 31 kwa watoto wa mwaka 1 hadi 5. Baadaye watafiti wa Ifakara waliijaribu tena kwa watoto wachanga, wakaona haiwakingi, nao wakatangaza hivyo. Habari ya namna hiyo haimfurahishi mtu, lakini iliepusha fedha na matumaini ya watu kupotea bure.

La pili ni chandarua. Mwaka 1997 ulianza mradi wa kuuza vyandarua vyenye dawa kwa bei nafuu katika wilaya za Kilombero na Ulanga, kwa jina la Zuia Mbu. Wakati unaanza, watoto wachanga waliolala katika vyandarua vya aina hiyo hawakufika asilimia 10. Baada ya miaka mitatu walizidi asilimia 50. Hesabu zilizochapishwa mwaka 2001 zilionyesha kwamba vyandarua hivyo viliongeza kwa asilimia 27 uhai wa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne. Hili lilionekana vijijini, kwa watu waliotoa fedha mfukoni kununua chandarua dukani. Mwaka 2004 Serikali ikaanzisha Hati Punguzo, iliyowawezesha wajawazito kupata chandarua kwa bei ndogo nchi nzima.

La tatu ni wazo jepesi. Mtoto hupelekwa kliniki kupata chanjo zake za kawaida, basi kwa nini asipewe siku hiyohiyo dozi ya dawa ya SP, ile ambayo wengi tuliijua kwa jina la Fansidar? Ifakara ilijaribu. Malaria kwa watoto hao katika mwaka wa kwanza wa maisha ilipungua kwa asilimia 59. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza njia hiyo kwa sehemu za Afrika zenye malaria nyingi.

La nne liko Bagamoyo, mji ambao wazee wetu wa Oman na Unguja waliujua kwa jahazi na misafara. Hapo, katika tawi la taasisi, jaribio kubwa la mwisho la chanjo ya RTS,S lilianza Mei 2009. Lilihusisha watoto 15,459 katika nchi 7 za Afrika. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo, na mwaka 2023 likafuata kwa chanjo ya pili, R21, ambayo nayo ilijaribiwa Bagamoyo pia.

Hata hivyo uhuru huu haujakamilika. Sehemu kubwa ya fedha za utafiti bado hutoka kwa wafadhili wa nje, na mfadhili akibadili mawazo kazi husimama. Tena, RTS,S ilipoanza kutolewa kwa watoto kwa majaribio mwaka 2019, nchi zilizochaguliwa zilikuwa Ghana, Kenya na Malawi. Watoto wa Bagamoyo walisaidia kuithibitisha, lakini nchi yao haikuwa ya kwanza kuipata.

Na sisi tulio huku jambo hili linatuhusu. Oman ilianza mpango wake wa kuitokomeza malaria mwaka 1991, na sasa wasiwasi wa madaktari wa hapa ni vimelea vinavyoingia na wasafiri, wakiwemo wanaotoka Afrika Mashariki. Mtu aliyekaa Muscat miaka mingi kinga yake imepungua, na mtoto aliyezaliwa Ruwi au Seeb hana kabisa. Basi tukienda nyumbani likizo tumwone daktari kabla ya safari, na tukifika tulale ndani ya chandarua. Na kwa wale waliojaaliwa uwezo, tunapochangishana kwa ajili ya misikiti, visima na shule, tumkumbuke pia kijana anayetaka kusomea sayansi. Wapo waliochimba msingi Ifakara, na nyumba bado inahitaji mafundi.

Tunawatakia nyote sikukuu njema ya Uhuru.