Mojeek: mtambo wa utafutaji usiomfuatilia mtafutaji

MOJEEK ni mtambo wa kutafuta habari kwenye intaneti, ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Marc Smith. Mambo mawili yanautofautisha na mitambo mikubwa: haumfuatilii anayetafuta, na majibu yake hutoka kwenye faharasa yake wenyewe, si ya kukodi. Hili la pili watu wengi hulipita bila kuliona.

Kwanza faragha. Mfanyabiashara anayetafuta bei ya mahindi ng'ambo ya mpaka, kisha ushuru wa vitenge, kisha dalili za ugonjwa na namna ya kuomba benki imwongezee muda wa kulipa deni, ameacha picha nzima ya maisha na mipango yake hata kama hakuandika jina lake popote. Agosti 2006 kampuni ya AOL ya Marekani ilidhihirisha hatari hiyo ilipoweka hadharani rekodi zipatazo milioni 20 za utafutaji wa wateja kiasi cha 650,000 katika miezi mitatu. Majina yalikuwa yameondolewa na kuwekwa namba. Haikusaidia. Katika siku chache waandishi wa gazeti la New York Times walimtambua mwanamke mmoja kwa kusoma tu aliyoyatafuta. AOL iliomba radhi, na mkuu wake wa teknolojia akaondoka kazini.

Mwaka huohuo wa 2006 Mojeek iliweka sera ya kutowafuatilia watumiaji. Kwa mujibu wa sera hiyo, anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha mahali kompyuta au simu ilipounganishwa, haihifadhiwi. Mahali pake huwekwa herufi mbili za nchi. Aliyetafuta akiwa Namanga atabaki KE au TZ, kutegemea mtandao wa simu alioushika, basi.

Sasa faharasa. Hakuna mtambo unaozunguka intaneti nzima kila mtu anapouliza swali. Kazi hiyo hufanywa mapema na programu inayopita kurasa moja baada ya nyingine, ikisoma maneno na kufuata viungo. Ya Mojeek inaitwa MojeekBot. Yaliyosomwa hupangwa kama orodha ya maneno mwishoni mwa kitabu, na swali hujibiwa kutoka kwenye orodha hiyo. Kuijenga ni gharama kubwa ya seva, umeme na miaka, ndiyo maana wenye faharasa kubwa duniani ni wa kuhesabu kwa vidole. Mojeek ilipita kurasa bilioni 1 mwaka 2015 na imeendelea kukua, lakini Google yenyewe inazungumzia mamia ya mabilioni.

Mitambo mingi inayosifiwa kwa faragha imekwepa gharama hiyo. DuckDuckGo ya Marekani, iliyoanza mwaka 2008, hupata sehemu kubwa ya majibu yake kutoka Bing ya Microsoft. Startpage ya Uholanzi imejulikana kwa kuleta majibu ya Google bila kumtambulisha mwulizaji. Faragha hapo ni ya kweli, lakini duka ni la mwingine. Tarehe 23 Mei 2024 Bing ilipopata hitilafu, DuckDuckGo na Ecosia ya Ujerumani nazo zilikwama. Mwaka 2023 Microsoft ilipandisha sana bei ya majibu inayowauzia wengine, na tarehe 11 Agosti 2025 ikaifunga huduma hiyo ya wazi, ingawa baadhi ya wateja wakubwa walibaki na mikataba yao. Mojeek haikuguswa. Hata hivyo si peke yake: Brave ya Marekani ilianza utafutaji wenye faharasa yake mwaka 2021, na Ecosia na Qwant ya Ufaransa ziliungana mwaka 2024 kujenga ya kwao.

Uhuru huo una bei, na anayelipa ni mtumiaji. Faharasa ndogo huumiza kwanza wanaotafuta mambo ya mahali padogo au kwa lugha zenye kurasa chache, Kiswahili kikiwemo. Kwa jina la kampuni ya nje, sheria ya forodha au maelezo ya mashine, Mojeek inatosha mara nyingi. Kwa namba ya simu ya wakala wa mizigo wa Kasumbalesa au Mutukula, mtu ajiandae kurudi kwenye mtambo mkubwa.

Mojeek inatumika bure kwenye kivinjari chochote, bila kujiandikisha. Lakini ahadi yake inaishia kwenye seva zake. Tovuti inayofunguliwa kutoka kwenye majibu ina taratibu zake, kampuni ya intaneti bado inaona ni tovuti gani zimetembelewa, na kompyuta ya kukodi kwenye kibanda cha intaneti huhifadhi historia ya kivinjari mpaka mtu aifute.