Gharama ya Figo Bandia Mjini Seattle, 1960–1973

Figo zinaposhindwa kabisa kufanya kazi, taka ambazo zingetoka kwa mkojo hujazana katika damu, na mgonjwa asiyepandikizwa figo nyingine wala kupata dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, haishi muda mrefu. Mashine hiyo iliundwa na daktari Willem Kolff mjini Kampen, Uholanzi, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, lakini kwa miaka mingi ilimfaa tu mgonjwa ambaye figo zake zilitarajiwa kupona, kwa kuwa kila alipounganishwa nayo ilibidi apasuliwe mshipa mwingine.

Mwaka 1960 Belding Scribner, daktari wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, Marekani, alitegua fundo hilo kwa mirija miwili ya Teflon, plastiki ambayo damu haiigandi kwa urahisi, mmoja ukitiwa katika ateri ya mkono na mwingine katika vena, kisha ncha zake zikaunganishwa nje ya ngozi na kufunikwa kwa bendeji hadi siku ya kurudi kwenye mashine. Mgonjwa wake wa kwanza, fundi mitambo aliyekuwa anakaribia kufa, aliishi miaka 11 zaidi.

Tangu hapo kizuizi kikawa fedha. Kituo cha Figo Bandia kilichofunguliwa Seattle mwaka 1962 kilikuwa na vitanda vichache mno, na kumhudumia mtu mmoja kuligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka, kiasi kilichozidi uwezo wa familia nyingi. Madaktari walipokwisha kuthibitisha nani angefaidika, kamati ya watu saba, wakiwamo mchungaji, wakili, mwenye benki, mama wa nyumbani na kiongozi wa chama cha wafanyakazi, iliamua nani aingie, ikipima ndoa, idadi ya watoto, kipato, elimu, hata kuhudhuria kanisani. Jarida la Life lilipoifichua kazi hiyo Novemba 1962, wasomaji walishtuka, na kwa haki: wanakamati hawakuwa watu wakatili, lakini vipimo vyao viliwapendelea waliofanana nao, na hakuna anayestahili kuhojiwa sala zake ndipo apewe tiba.

Msichana mmoja aliyekataliwa kwa sababu ya umri wake aliokolewa na mhandisi Albert Babb, ambaye kikosi chake kiliunda mwaka 1964 mashine ndogo ya kutumika nyumbani. Mashine hiyo ilipunguza gharama, ingawa kazi ya muuguzi iliwaangukia jamaa.

Wagonjwa wenyewe ndio waliolifikisha suala la gharama bungeni. Novemba 1971 Shep Glazer, kiongozi wa chama chao, aliunganishwa na mashine mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi, damu yake ikizunguka huku akitoa ushahidi. Mwaka uliofuata Seneta Vance Hartke alipendekeza kifungu kilichoingiza kushindwa kwa figo katika Medicare, bima ya serikali ambayo hadi wakati huo ilikuwa ya wazee wa miaka 65 na zaidi. Rais Nixon alitia saini tarehe 30 Oktoba 1972, na malipo yakaanza tarehe 1 Julai 1973. Hata hivyo sheria ilibaki na pengo la ajabu: dayalisisi ililipiwa maisha yote, ilhali dawa zinazouzuia mwili kuikataa figo iliyopandikizwa zilikuja kulipiwa kwa miezi 36 tu kwa wasio wazee wala walemavu, hadi sheria ya mwaka 2020, iliyoanza kutumika Januari 2023, ilipoondoa kikomo hicho kwa wasio na bima nyingine.