Maziwa, Mwanga na Lugha ya Lorenz

Tia matone machache ya maziwa ndani ya glasi ya maji, kisha imulike kwa tochi ya simu. Ukitazama glasi kwa ubavuni utaona ubluu hafifu. Ukiitazama tochi yenyewe kupitia glasi, mwanga wake umeelekea manjano. Hakuna rangi iliyotiwa. Mnunuzi mzoefu akiona ubluu huo kwenye maziwa huhisi kwamba yameongezewa maji au yameondolewa mafuta, naye kwa kawaida hakosei.

Kazi hiyo inafanywa na vichembe vya protini, vyenye kipenyo cha nanomita mia na kitu. Havipitishi umeme, na mwanga tunaouona hawaunyonyi kwa kiasi cha maana. Wimbi la mwanga hutikisa chaji zilizo ndani yake, nazo huurudisha mwanga huo kila upande. Mwaka 1869 John Tyndall alionyesha ubluu wa namna hii maabara, kwa kumulika chembe ndogo zilizoelea hewani. Mwaka 1871 Lord Rayleigh akaupigia hesabu: kwa chembe ndogo sana, mwanga wa bluu wa nanomita 450 hutawanywa takriban mara sita zaidi ya mwekundu wa nanomita 700. Ndiyo hesabu ya anga la bluu juu ya Meru.

Lakini matone ya mafuta ya maziwa ni makubwa mno kwa kanuni ya Rayleigh. Hutawanya rangi zote karibu sawasawa, ndiyo maana maziwa halisi ni meupe. Kwa chembe za ukubwa wowote ilihitajika hesabu nyingine.

Hesabu hiyo aliitoa Ludvig Lorenz mwaka 1890, kwa Kidenmaki, katika machapisho ya akademia ya Copenhagen. Mwaka uliofuata akafariki. Mwaka 1908 Gustav Mie wa Greifswald, akitafuta chanzo cha rangi za dhahabu iliyosagika ndani ya maji, alifikia suluhisho lile lile na kulichapisha kwa Kijerumani. Mpaka leo wengi husema "nadharia ya Mie" bila kumtaja Lorenz. Kijerumani wakati huo kilikuwa lugha ya wanafizikia (na ya watawala pia: boma lao hapa Arusha lilikuwa na umri wa miaka minane). Sisemi lugha pekee ndiyo iliyomzika Lorenz. Alitumia nadharia yake mwenyewe ya mwanga badala ya ile ya Maxwell, na hilo lilimfanya awe mgumu kusomeka hata kwa aliyejua Kidenmaki.

Hata hivyo, mimi husoma kisa hiki nikiwa Kaloleni, karibu na Makumbusho ya Azimio la Arusha. Mwaka wa Azimio, 1967, ndio mwaka ambao Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza kipande hadi sekondari, serikali haikukubali. Kwa hiyo mtoto hujifunza mwanga kwa Kiswahili, kisha akifika kidato cha kwanza anaanza kuukariri upya kwa Kiingereza.

Wakati huohuo fizikia yenyewe imesonga. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba kitufe cha silikoni cha nanomita 150 hivi kinaweza kuitikia sehemu ya sumaku ya mwanga unaoonekana, jambo ambalo hesabu za Lorenz na Mie zilikuwa nalo ndani muda wote. Ukibadilisha kipenyo, rangi inahama kutoka bluu hadi nyekundu. Leo vitufe kama hivyo hupangwa kwa safu kutengeneza lenzi nyembamba kuliko unywele.

Tasnifu yangu naiandika kwa Kiingereza, kama kanuni zinavyotaka. Pembeni naandika muhtasari wa Kiswahili, sura kwa sura. Nimechagua kusema "mtawanyiko wa nuru". Mwenzangu wa maabara anashikilia "mtapanyiko". Tuko sura ya pili, na bado tunabishana.